Upepo Ukivunwa Baharini, Mvuvi Atavua Wapi?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei wa parokia za pwani)



Nimeombwa niseme machache juu ya haki ya mvuvi pale mradi mkubwa unapoingia baharini. Nimeona vema nisianze na mambo ya kwetu. Mambo ya kwetu yana majirani na jamaa ndani yake, na mtu akisikia jina la jirani yake hushika upande kabla hajasikiliza. Kwa hiyo nitawapeleka kwanza mbali, kwenye pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kisha turudi nyumbani pamoja.

1. Bahari yenye wenyewe

Kusini mwa visiwa vya Martha's Vineyard na Nantucket, katika jimbo la Massachusetts, iko sehemu ya bahari yenye kina cha mita arobaini na zaidi kidogo. Upepo huvuma hapo kwa nguvu karibu mwaka mzima. Mashua huvuka humo kwenda na kurudi, na wengine huvua humo humo. Kutoka bandari ya Point Judith, katika jimbo jirani la Rhode Island, hutoka wavuvi wa ngisi. Wakati wa joto ngisi husogea karibu na nchi kavu, na wavuvi huwafuata kwa nyavu za kukokota. Upande wa pili iko New Bedford, bandari ambayo kwa zaidi ya miaka 20 mfululizo ilihesabiwa kuwa ya kwanza nchini humo kwa thamani ya mazao ya bahari, hasa kwa ajili ya kombe wakubwa.

Wavuvi hao walikuwa na desturi yao. Wategaji wa dema za kamba walipanga mitego yao kwa mistari inayokwenda mashariki na magharibi, na wenye nyavu za kukokota walipita katikati ya mistari hiyo. Mpango huo haukutungwa bungeni. Wavuvi waliupatanisha wao kwa wao, ili mmoja asikate kamba za mwenzake. Nawaomba mkumbuke neno hili, maana tutalirudia.

2. Mradi ulivyokuja

Mwaka 2015 serikali ya Marekani iliuza kwa mnada haki ya kukodi maeneo ya bahari hiyo kwa ajili ya umeme wa upepo. Mwaka 2018 mradi uitwao Vineyard Wind ulichaguliwa kuliuzia umeme jimbo la Massachusetts. Mpango ulikuwa wa mitambo 62, kila mmoja wenye nguvu ya megawati 13, jumla megawati 806, umeme ambao umekadiriwa kutosha nyumba 400,000. Kila bawa la mtambo lina urefu wa mita 107. Umeme wa kwanza ulifika nchi kavu mwanzoni mwa Januari 2024.

Ndugu zangu, tusikimbilie kusema kwamba mradi wa namna hii ni uovu. Bahari ya New England imepata joto kuliko bahari nyingi za dunia. Kamba wa kusini mwa eneo hilo wamepungua vibaya sana, na wataalamu wanataja joto la maji kuwa sababu kubwa. Mvuvi ndiye aliyeumia. Umeme usiotokana na makaa wala mafuta una faida kwake pia, na kwa watoto wake. Kwa hiyo wanaotaka upepo wana hoja ya haki, na wanaotaka kuendelea kuvua wana hoja ya haki. Shida ilianzia katika utaratibu uliofuatwa.

Tazameni mfululizo wa mambo. Eneo lilikodishwa mwaka 2015. Mazungumzo mazito na wavuvi wa Rhode Island juu ya mpangilio wa minara na juu ya fidia yalifika kileleni mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019, wakati mnunuzi wa umeme amekwisha kupatikana na tarehe za ujenzi zimekwisha kupangwa. Mvuvi hakuulizwa tena kama mahali hapo panafaa. Aliulizwa, kwa kuwa pamekwisha kuchukuliwa, anadai kiasi gani.

3. Hofu za wavuvi

Wengine waliwadharau wavuvi wakisema wanaogopa maendeleo. Yafaa tuzisikie hofu zenyewe, maana ni hofu za watu wanaoijua kazi yao.

Ya kwanza ni nafasi. Chombo kinachokokota wavu kina nyaya zinazonyooka mamia ya mita nyuma yake. Hakiwezi kukata kona kama pikipiki. Mkondo na upepo vikikisukuma kati ya minara usiku wa dhoruba, nahodha hana pa kwenda.

Ya pili ni nyaya za umeme zilizolazwa chini ya bahari. Zikifukuliwa na mawimbi, au zikifunikwa kwa mawe, wavu hunasa. Wavu ukinasa chombo huweza kupinduka.

Ya tatu ni rada. Mwaka 2022 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilitoa taarifa iliyothibitisha kwamba mitambo hiyo huvuruga rada za meli na mashua. Mvuvi aliyekuwa akisema hivyo miaka kadhaa kabla hakuwa mjinga.

Ya nne ni hesabu ya samaki wenyewe. Meli za utafiti za serikali hukokota nyavu kila mwaka ili kukadiria wingi wa samaki, na kutokana na makadirio hayo mvuvi hupangiwa kiasi anachoruhusiwa kuvua. Mahali penye minara meli kubwa ya utafiti haiwezi kufanya kazi kama zamani. Hesabu ikiingia mashaka, wakubwa hupunguza kiasi kwa tahadhari, na anayepunguziwa ni mvuvi.

Je, samaki hufa? Hapa tuseme kweli yote, hata ile isiyotufurahisha. Karibu na Block Island, katika bahari ya Rhode Island, mitambo mitano ilianza kutoa umeme mwishoni mwa mwaka 2016. Watafiti walivua kwa wavu mahali hapo kwa miaka saba, kabla ya ujenzi, wakati wa ujenzi na baada yake. Hawakuona kwamba samaki wa chini wamepungua kwa sababu ya minara. Aina moja wapendao miamba waliongezeka, na wavuvi wa mshipi huenda huko kwa furaha. Lakini mwenye wavu wa kukokota hawezi kuusogeza wavu wake karibu na nguzo. Bahari ni ile ile na samaki ni wale wale, ila chombo anachotumia mtu ndicho kinachoamua kama atapata au atakosa. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba mradi hautaathiri uvuvi, mwulizeni: uvuvi wa nani, na kwa chombo gani?

4. Kilichopatikana mezani

Rhode Island kulikuwa na baraza la ushauri la wavuvi, lililotambuliwa na mamlaka ya pwani ya jimbo. Kwa sauti ya baraza hilo na ya vyama vingine, mambo kadhaa yalipatikana.

Mnamo Novemba 2019 kampuni zilizokodi maeneo ya jirani zilikubali kupanga minara yote kwa safu zinazokwenda mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, zikiachana maili moja ya baharini. Huo mstari wa mashariki na magharibi ni ile ile desturi ya wavuvi niliyowaomba mwikumbuke. Wavuvi waliomba pia njia kuu za kupita zenye upana wa maili nne. Askari wa ulinzi wa pwani walichunguza, na mwaka 2020 wakasema safu za maili moja zinatosha kwa usalama. Njia za maili nne hazikupatikana.

Kuhusu fedha, mwezi Februari 2019 baraza la wavuvi wa Rhode Island lilikubali dola milioni 4.2 za fidia kwa muda wa miaka 30, pamoja na dola milioni 12.5 za mfuko wa amana wa kuusaidia uvuvi wa siku za mbele. Walikubali kwa shingo upande. Fedha ya fidia ukiigawa kwa miaka 30 ni dola 140,000 kwa mwaka kwa wastani, kwa wavuvi wote wanaostahili wa jimbo hilo. Nanyi mnajua kwamba mashua moja ikiharibika injini hula fedha nyingi.

Mwezi Mei 2021 serikali kuu iliidhinisha mradi. Ndani ya hati ya uamuzi huo yaliandikwa maneno ambayo kila mvuvi wa Point Judith aliyasoma kwa uchungu: kwamba huenda wavuvi wa biashara wakaliacha eneo lote la mradi kwa sababu ya ugumu wa kupita humo. Si marufuku. Sheria ya Marekani haiwafukuzi, tofauti na Ubelgiji, ambako uvuvi umekatazwa ndani ya maeneo ya mitambo. Mlango uko wazi, ila wenye nyumba wenyewe wamekiri kwamba huenda hutaweza kuingia.

Wavuvi walikwenda mahakamani. Walishindwa mwaka 2023, wakashindwa kwenye rufani mwaka 2024, na mwaka 2025 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ilikataa kuisikiliza kesi yao. Na lile baraza la ushauri? Mwaka 2023 wajumbe wake wote walijiuzulu, wakilalamika kwamba mradi baada ya mradi uliidhinishwa na ushauri wao haukubadili neno. Mtu anayeulizwa shauri kila mwezi, na shauri lake likaachwa mezani kila mwezi, mwishowe huona heri akae nyumbani ashone nyavu zake.

Kisha likatokea jambo lisilotazamiwa. Tarehe 13 Julai 2024 bawa moja la mtambo lilivunjika, na vipande vyake vikaelea hadi fukwe za Nantucket. Fukwe zilifungwa katikati ya msimu wa wageni. Mwaka uliofuata kampuni iliyolitengeneza bawa ilikubali kulipa dola milioni 10.5 kwa mji huo. Pimeni wenyewe: mji wenye mawakili ulilipwa kwa bawa moja lililovunjika zaidi ya mara mbili ya fidia ya miaka 30 ya wavuvi wa Rhode Island. Siwaonei gere watu wa Nantucket. Walidai haki yao. Nasema tu kwamba anayejua kudai hupewa mapema.

5. Daftari la mvuvi

Nimefika sasa kwenye kiini cha maneno yangu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Fidia ya Marekani ilihesabiwa kwa kutazama kumbukumbu: taarifa za safari za vyombo, orodha za samaki walioshushwa bandarini, na alama za mitambo ya satelaiti. Anayedai hutakiwa kuonyesha kwamba kweli alivua ndani ya eneo lile. Sasa fikirini. Katika taarifa ya safari, nahodha mara nyingi huandika mahali pamoja tu kwa niaba ya mwendo wa siku nzima. Taarifa hiyo ilitungwa kwa ajili ya wataalamu wa samaki. Hakuna aliyedhani kwamba siku moja itakuwa shahidi wa riziki ya mtu. Na hao ni watu wenye leseni, kompyuta na bandari zenye mizani.

Tena yuko baharia. Kule, kama huku kwetu, baharia wengi hawana mshahara wa mwezi. Samaki wakiuzwa, chombo huchukua fungu lake, nahodha lake, na mabaharia hugawana linalobaki. Mwenye chombo ana leseni na ana jina kwenye karatasi. Baharia ana mikono yake tu. Siku ya kuhesabu hasara, karatasi husema na mikono hunyamaza.

6. Turudi nyumbani

Pwani yetu haina mashamba ya upepo ya baharini. Lakini tunayo miradi mingine iliyoingia majini. Ninyi nyote mnaijua kesi ya bandari ya Lamu. Wananchi walifungua kesi mwaka 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi ilitamka kwamba haki za watu wa Lamu zimevunjwa, zikiwemo haki ya mazingira safi, ya utamaduni wao na ya kupewa habari, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mahakama hiyo ilikubali jambo kubwa: kwamba uvuvi wa jadi ni maisha ya watu, na mradi wa taifa hauwezi kuyafuta bila kuwauliza wenyewe.

Lakini tazameni tena mfululizo wa mambo. Kesi ilichukua miaka sita kabla ya hukumu, na wakati huo tingatinga za baharini hazikukaa kungoja. Hukumu nzuri iliyochelewa hairudishi msimu wa kaskazi uliopita bila samaki.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba uchunguzi wa athari za mradi usije baada ya mradi kutungwa, na kwamba wenyeji wa mahali wapewe nafasi ya pekee katika mazungumzo. Mafundisho hayo yanafaa Lamu kama yanavyofaa Point Judith.

7. Tufanye nini?

Ndugu zangu, sikuja kuwachochea mpinge kila mradi. Nimekuja kuwaomba muwe tayari kabla mgeni hajapiga hodi.

Kwanza, tuulize mapema. Viongozi wa walei, pamoja na vikundi vya usimamizi wa fukwe, wafuatilie matangazo ya tathmini ya athari kwa mazingira. Swali la kwanza liwe: je, eneo limekwisha kugawiwa? Kama limekwisha, tujue kwamba tunaitwa kwenye karamu wakati sahani zinaoshwa.

Pili, tuandike. Kila chombo kiwe na daftari: tarehe, mahali palipovuliwa kwa jina lake la wenyeji, aina ya samaki, uzito, bei, na majina ya waliokuwamo chomboni. Mzee asiyejua kuandika amwambie mjukuu wake anayesoma. Daftari la shilingi chache huenda siku moja likawa wakili wenu wa kwanza. Tena majina ya miamba na vilindi mnayoyajua ninyi peke yenu yaandikwe kwenye ramani, maana ramani isiyo na majina hudhaniwa kuwa bahari isiyo na watu.

Tatu, tuwahesabu wote. Pamoja na mwenye chombo wahesabiwe baharia, mtengeneza nyavu, fundi wa mashua, mchukuzi, na mama karanga anayengoja ufukweni na beseni lake. Chombo kisipotoka, huyo mama ndiye wa kwanza kurudi nyumbani mikono mitupu, na ndiye wa mwisho kukumbukwa kwenye orodha ya fidia.

Nne, makubaliano yoyote yaandikwe kwa Kiswahili kilicho wazi na yasomwe hadharani kabla ya kutiwa sahihi. Yaseme fidia ni ya miaka mingapi, nani atalipa chombo kikinasa kwenye waya, na nani ataondoa nguzo muda wa mradi utakapokwisha.

Tano, tusigawanyike. Mwenye mshipi na mwenye jarife, mwenye dema na mwenye mashua ya injini, kila mmoja ataguswa kwa namna yake. Mgeni akiona tumegawanyika atapatana na yule aliye rahisi kumridhisha, kisha atasema amepatana na wavuvi.

Nimalizie kwa neno la haki kwa upande wa pili. Taa inayowaka katika zahanati usiku inatoka mahali fulani, na mahali hapo pana watu. Sisi tunaotumia umeme, tuliokaa mbali na minara na mbali na mabwawa, tuna deni kwao. Tukidai haki ya mvuvi wa pwani leo, tukumbuke kesho kumwuliza mfugaji na mkulima ambaye ardhi yake ndiyo inayotuwashia taa sisi.



Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika eneo letu kuna mradi wowote unaopangwa baharini au ufukweni? Nani kati yetu ameuona mpango wenyewe ulioandikwa?

2. Ikiwa kesho tungetakiwa kuthibitisha mahali tunapovua na kiasi tunachopata, tungeonyesha nini?

3. Katika jumuiya yetu ni akina nani wanaoishi kwa samaki bila kuingia chomboni? Majina yao yameandikwa wapi?

4. Je, sisi wenyewe hufuata haki katika kugawana mafungu ya samaki na baharia, kabla hatujadai haki kwa wengine?